Shahada ya Kemia Hupangwa Kabla ya Barua ya Chuo

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha sita wa michepuo ya sayansi, Mtwara

Mkuu wa Shule, walimu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, na ninyi wanafunzi wa PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia, jiografia), asanteni kwa kunikaribisha. Wakubwa zangu, shikamooni.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie uchaguzi wa vyuo. Naomba ruhusa niipunguze mada. Nitazungumzia shahada moja tu, ya kemia, kwa kuwa ndiyo niliyoisoma na ndiyo ninayoifundisha, na ndiyo ninayoona vijana wazuri wakiipoteza bila sababu ya msingi.

Kila mwaka chuo kinapofunguliwa nasimama mbele ya mwaka wa kwanza. Nikiwaambia waliochagua kemia kama chaguo la kwanza wanyooshe mikono, mikono huwa michache. Wengine waliomba udaktari, wakaomba famasi, kemia wakaijaza ili fomu isibaki na nafasi wazi. Siwalaumu. Ushindani wa udaktari ni mkubwa, na kila mzazi anatamani kuwa na daktari nyumbani. Lakini mtu akiingia kwenye fani ambayo hakuwahi kuifikiria, huanza kujua inamtaka nini wakati mitihani ya muhula wa kwanza imeshamkalia kooni. Matokeo yakitoka tunaanza kusikia habari za sapu, yaani mitihani ya kurudia. Mwaka unaofuata wapo waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, na baadhi yao walikuwa na alama za kidato cha sita nzuri kuliko wenzao waliobaki.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili: ipangeni shahada yenu sasa, mkiwa bado hapa, kwa sababu vitu viwili vinavyoamua kama utaimaliza vizuri, yaani hesabu na mikono ya maabara, vinaanzia shuleni. Chuoni hakuna mtu atakayekufundisha upya.

Nianze na kitu mnachokijua kuliko mimi. Korosho. Kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua kwamba ganda lake linababua. Ukilivunja utaona tabaka mbili ngumu, na katikati sehemu yenye vitundu vitundu iliyojaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Mama zetu hupaka majivu au mafuta ya kula vidoleni kabla ya kuanza kazi, na bado vidole huishia kuwa vyeusi na kuchunika.

Mafuta hayo ni shahada nzima ya kemia. Sehemu yake kubwa ni kampaundi inayoitwa asidi ya anakadiki. Kichwa chake ni asidi ya salisiliki, ileile inayotumika kutengenezea aspirini, na kichwa hicho kimefungwa mkia mrefu wa kaboni 15. Katika baadhi ya molekuli mkia hauna bondi mbilimbili hata moja, katika nyingine ipo moja, au mbili, au tatu. Kwa nini kitu kilicho ndugu wa aspirini kinababua ngozi? Kwa nini utomvu wa embe bichi nao unababua midomo? Mwembe na mkorosho ni wa familia moja ya mimea, na kampaundi zao zinafanana. Kujua molekuli imeumbwaje na umbo hilo linaipa tabia gani, hiyo ndiyo kemia oganiki.

Sasa yapashe moto mafuta hayo. Asidi ya anakadiki inaachia kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli, ambayo viwanda vinaitumia kutengeneza rangi, vanishi na vitambaa vya breki za magari. Mabadiliko hayo yanakwenda kwa kasi gani kwenye nyuzi 140? Kwenye nyuzi 180 je? Ukitaka kujua unapima kasi katika joto tofauti, unachukua logariti ya kasi, unachora grafu dhidi ya moja gawanya kwa joto katika kelvini, na mteremko wa mstari unakupa nishati inayohitajika ili mmenyuko uanze. Ni kanuni ya Arrhenius, na hiyo ni kemia fizikia. Ukitaka kujua katika lita moja ya mafuta ya Newala kuna gramu ngapi za asidi hiyo, na kama ni sawa na ya Masasi, umeingia kemia ya uchambuzi. Ukiipaka asidi hiyo juu ya chuma ukachunguza kwa nini chuma kinachelewa kushika kutu, unahitaji inoganiki, maana lazima uelewe uso wa chuma unashikanaje na molekuli.

Sikutunga mfano huo wa mwisho. Hayati Rais John Magufuli alitunukiwa shahada ya uzamivu ya kemia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009 kwa utafiti wa namna asidi ya anakadiki ya maganda ya korosho inavyoweza kukinga chuma dhidi ya kutu. Kabla ya siasa alifundisha kemia na hisabati Sengerema, akasoma shahada ya sayansi na ualimu iliyokuwa na masomo hayohayo mawili, akafanya kazi kama mkemia wa chama cha ushirika cha Nyanza. Pale Dar es Salaam Profesa Egid Mubofu na wenzake nao wametumia miaka mingi kwenye maganda hayohayo. Huku kwetu korosho nyingi bado zinasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, ganda likiwa juu yake, na mafuta yanakamuliwa huko. Jambo hilo linaniuma, na sitalificha. Ni moja ya sababu zinazonifanya nije kuzungumza Mtwara badala ya kusubiri mje ninyi.

Tuje kwenye kupanga.

Kwanza ujue unaomba nini. Kuna milango mingi yenye kemia ndani yake, na watu huichanganya. Shahada ya Sayansi katika Kemia ni miaka 3. Shahada ya Sayansi na Ualimu, ukichukua kemia na somo jingine, nayo ni miaka 3, na inasomwa Mlimani, Chang'ombe, Mkwawa na vyuo vingine. Uhandisi wa kemikali ni miaka 4, na mhandisi anashughulika na mitambo inayozalisha tani, yaani mabomba, joto, shinikizo na gharama. Molekuli yenyewe huwa ameshapewa. Famasi ni miaka 4. Mtu aliyesoma kemia hawezi kuja baadaye akafungua famasi kwa cheti chake cha kemia, kwani Baraza la Famasi husajili waliosoma famasi. Vilevile hawezi kujiita mhandisi. Nimewaona vijana wa mwaka wa tatu wakishtuka kusikia hivyo, na inasikitisha, kwa kuwa ni jambo la kuuliza kidato cha tano.

Mkemia naye ana usajili wake. Tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Wanakemia Wataalamu, na anayetaka kufanya kazi hii kitaalamu anapaswa kusajiliwa na Baraza la Wanakemia. Kwa hiyo ukiwa unachagua chuo, hakikisha programu yenyewe imeidhinishwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kisha isome kozi kwa kozi. Msiishie kwenye jina la chuo. Mwongozo wa TCU hutolewa kila mwaka na unaonyesha masharti ya kila programu. Sharti la jumla ni principal mbili, yaani ufaulu wa masomo makuu mawili, zenye jumla ya pointi 4, lakini pointi 4 ni sakafu. Programu nyingi zinataja masomo yenyewe, na nyingine zinataka uwe na BAM (hisabati tumizi ya msingi) au ufaulu fulani wa hisabati ya kidato cha nne. Soma mstari wa programu yako mpaka neno la mwisho.

Hapo kwenye BAM nitakaa kidogo, hasa kwa ajili ya PCB na CBG.

Najua BAM inavyochukuliwa. Haihesabiki kwenye divisheni, basi kipindi chake kinakuwa cha kumalizia noti za baiolojia. Halafu mtu huyohuyo anakuja kwangu mwaka wa kwanza, na katika wiki za mwanzo kabisa tunakutana na logariti kwenye pH. Tukifika kasi ya mmenyuko kuna difarensiesheni na intigresheni. Thamodainamiki imejaa derivativu. Kufika mwaka wa tatu, kwenye kwantamu, hakuna ukurasa usio na hesabu. Mwanafunzi anasema kemia fizikia ni ngumu. Mimi nikikaa naye na karatasi yake naona kemia ameielewa vizuri. Kilichomshinda ni mstari wa tatu ambapo alitakiwa kugeuza logariti asili kuwa namba. Anafeli hesabu ya BAM ndani ya mtihani wa kemia.

Mnafanya mtihani Mei. Bado mna muda. Chukueni mada hizi za BAM na mzimalize kwa heshima ileile mnayoipa kemia: eksponenti na logariti, difarensiesheni, intigresheni, takwimu. Na kila grafu mnayochora, ulizeni mteremko wake una maana gani na unapimwa kwa kipimo gani. Mkitoka JKT, au kama hamkwenda, ile miezi kati ya matokeo na kufunguliwa kwa chuo ifanyieni kazi hiyohiyo. Saa moja kwa siku inatosha. Ninyi wa PCM mnaweza kutabasamu sasa, lakini msistarehe sana, maana ninyi mtakutana na oganiki yenye mamia ya mimenyuko, na wale wa PCB waliozoea kusoma kurasa nyingi watawaacha.

La pili ni mikono.

Najua hali ya maabara zetu. Bureti, ule mrija wa kupimia myeyusho, ni moja kwa kundi, mmoja anashika, wengine wanaandika. Anayeshika ni yuleyule kila wiki, kwa sababu "anaweza". Kisha kundi zima linakuja chuoni likiwa na alama nzuri za praktikali, na kila mtu anasimama peke yake mbele ya bureti yake.

Nikuelezeni ninachokiona, ili mkirudi maabara mjipime. Mwanafunzi anajaza bureti mpaka juu, anaweka alama sifuri, anaanza titresheni, yaani kudondosha myeyusho kidogo kidogo mpaka mmenyuko ukamilike. Hakufungua koki kwanza kutoa hewa iliyobaki chini ya koki. Katikati ya kazi kiputo kinatoka. Usomaji unashuka nusu mililita bila tone hata moja la ziada kuingia kwenye chupa. Nusu mililita kwenye 25 ni asilimia 2. Hajui kama imetokea. Mwingine ameisuuza bureti kwa maji peke yake, hivyo myeyusho wake umepungua nguvu kabla hajaanza. Alitakiwa asuuze mara ya mwisho kwa myeyusho wenyewe. Mwingine ameacha faneli juu ya bureti, inadondosha matone taratibu wakati yeye anasoma. Mwingine anasoma akiwa amesimama na bureti iko juu ya jicho lake. Hakuna kosa gumu kati ya hayo, lakini hayarekebishiki kwa kusoma madesa usiku kucha. Yanarekebishika kwa kushika.

Asilimia 2 shuleni ni alama moja. Kazini ni kitu kingine. Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ina maji yenye floridi nyingi, na kuna watoto huko ambao meno yao yamekuwa ya kahawia, na watu wazima waliopinda miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima kikipimwa kikaonekana kina 1.48, na mpimaji hakuwa makini, kijiji kitakunywa maji hayo kwa miaka. Pale Ngurdoto, Arumeru, kuna kituo cha Wizara ya Maji kilichofanya kazi ya kuondoa floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, maji yanapitishwa humo, na floridi inakamatwa na madini ya mfupa. Ni kemia nzuri kupita kiasi, na ni rahisi. Lakini mkaa huo unachoka, na siku ya kuubadilisha inaamuliwa na mtu anayepima. Kazi nyingi za kemia hapa nchini ni za namna hiyo, za kupima. Ndiyo maana kemia ya uchambuzi, ambayo wanafunzi wengi huiona kavu, mimi huwaambia waishike kwa mikono miwili.

Kwa hiyo Mkuu wa Shule, kwa heshima zote, naomba maabara ifunguliwe Jumamosi kabla ya Mei. Na ninyi wanafunzi, anayeshika bureti kila wiki ampishe mwenzake. Mabinti nawataja kwa makusudi. Katika makundi mengi ninayoyaona mvulana anashika vifaa na msichana anaandika kwa kuwa "ana mwandiko mzuri". Msikubali.

Miaka 3 yenyewe inakwendaje? TCU inataka shahada ya miaka 3 iwe na krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka. Zigawe kwa wiki 30 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki. Ni sehemu tu ya saa hizo utakazoziona kwenye ratiba. Zilizobaki ni zako wewe na daftari lako. Mwanafunzi anayeona ratiba ina nafasi Jumatano nzima akadhani ni siku ya mapumziko, ameshapanga sapu yake bila kujua.

Mwaka wa kwanza kila kitu kimepangwa, chaguo ni dogo. Mwaka wa pili ndipo kozi za hiari zinaanza, na hapo watu hukosea kwa kuchagua kozi inayosemekana ina mwalimu mwepesi. Fanyeni kinyumenyume. Anzeni na mwaka wa tatu: je, nataka kuishia kwenye kemia ya mimea na dawa, kwenye mazingira na maji, kwenye mafuta na gesi, au darasani nikiwa mwalimu? Kisha urudi nyuma uangalie kozi hiyo ya mwisho inasimama juu ya kozi zipi. Spektroskopia haieleweki kwa mtu aliyeruka kwantamu. Kemia ya mimea haieleweki kwa aliyepita oganiki ya pili kwa kukwaruza. Mchoreni mnyororo huo kwenye karatasi moja na mwende nayo kwa mshauri wenu wa masomo wiki ya kwanza. Na msijaze kozi tatu za maabara kwenye muhula mmoja kama mnaweza kuepuka. Kila jioni ya maabara ya saa 3 inazaa ripoti, ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, na wiki ijayo kuna nyingine.

Somo la pembeni nalo lina uzito. Ukiniuliza leo, nitakuambia takwimu na kompyuta. Mashine za maabara sasa zinatoa data nyingi, na mkemia anayeweza kuzichambua mwenyewe hakai muda mrefu bila kazi.

Kuhusu GPA, yaani wastani wa alama zako zote za chuo, nitasema kidogo. Inahesabiwa tangu muhula wa kwanza, kwa hiyo mwaka wa kwanza si wa kuzoea mazingira. Katika vyuo vingi coursework, yaani kazi na majaribio ya muhula, ni 40 na mtihani wa mwisho 60. Ukitaka kubaki chuoni kama mwalimu msaidizi, vyuo vya umma vinataka 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza. Mtu mwenye 3.7 huwa anakuja ofisini kwangu akilia, na sina la kumfanyia. Bumu, yaani pesa ya mkopo, likiingia, kabla ya simu nunua koti la maabara, miwani ya kukinga macho na kikokotoo kizuri.

Sasa field, yaani mafunzo kwa vitendo. Hapa ndipo shahada inapogeuka kuwa kazi, na hapa ndipo wengi wanapokwenda popote palipo karibu na kwa shangazi. Ombeni mapema, miezi kadhaa kabla. Ninyi wa kusini mna bahati ambayo hamuioni. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapahapa Mtwara. Kuna kituo cha utafiti cha Naliendele, kinachoijua mikorosho, na kinachojua pia ile salfa tunayopuliza dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga inafanya nini kwenye jani. Kuna kiwanda cha saruji cha Dangote, na saruji haiwezi kutoka kiwandani bila kupimwa kalsiamu, silika na chuma. Kuna Madimba, gesi inakosafishwa kabla ya kuingia kwenye bomba la kwenda Dar es Salaam. Ukiwa huko usikubali kukaa wiki 8 ukibeba mafaili. Chagua mashine moja, moja tu, ijue kuanzia inavyowashwa asubuhi mpaka inavyosafishwa jioni, inavyowekwa sawa ili ipime kwa usahihi, na inavyodanganya ikichoka. Omba pia uonyeshwe taratibu za ISO/IEC 17025, kiwango cha ubora wa maabara. Darasani mara nyingi hatukifikii, na kwenye usaili wa kazi ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuulizwa.

Na mnunue daftari gumu lililoshonwa. Kila kipimo kiingie humo moja kwa moja, kwa kalamu ya wino, na tarehe. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kilichokuwepo kiendelee kusomeka. Msiandike kwenye karatasi ya pembeni ili mje mnakili vizuri hosteli. Mkemia wa serikali anaweza kuitwa mahakamani miaka 3 baada ya kupima sampuli, na kumbukumbu yake ni daftari.

Wazazi wataniuliza kuhusu ajira, na wana haki. Sitawaambia kwamba kila mhitimu anapata kazi mwaka huohuo, haiko hivyo. Ualimu wa sayansi una uhitaji, lakini nafasi zinategemea vibali vya serikali. Viwanda, migodi ya dhahabu inayotumia sianidi, maabara za maji, TBS ya viwango, TMDA ya dawa na vifaa tiba, mamlaka za forodha, wote wanahitaji wakemia, na wanachukua wachache kwa mara moja. Ninachoweza kusema kwa uhakika, kwa kuwa nawaona wahitimu wangu wakienda na kurudi, ni kwamba wanaotangulia kupata ni wale waliotoka na kitu wanachoweza kukifanya kwa mikono yao mbele ya mwajiri siku ya usaili.

Mwisho nilijibu maswali. Naweka hapa mawili, kwa kuwa yanaulizwa kila ninapokwenda.

Mwanafunzi wa CBG aliuliza kama atakwama kwa kukosa fizikia. Nilimwambia: zipo programu zinazopokea CBG, na zipo zinazotaka fizikia au hisabati, kwa hiyo kwanza asome mwongozo. Akipokelewa, ajue ana deni. Achukue kitabu cha fizikia cha kidato cha tano, asome mada tatu: nishati na joto, mawimbi na mwanga, umeme na sumaku. Mashine nyingi za mwaka wa tatu zinafanya kazi kwa kurusha mwanga kwenye sampuli na kupima uliobaki. Hahitaji kufanya mtihani wa fizikia. Anahitaji kuelewa mwanga una nishati kiasi gani na kwa nini. Miezi mitatu ya kusoma kwa utulivu inamtosha.

Mama mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, binti yangu anapenda kemia, lakini nasikia hizo dawa zinaharibu kizazi. Nimruhusu?" Nilimshukuru kwa kuuliza hadharani, maana wengi wanauliza pembeni. Nilimjibu kwamba zipo kemikali zinazodhuru, na baadhi ya viyeyushi ni hatari kwa mama mjamzito, kwa hiyo hofu yake haikutoka hewani. Ndiyo maana kuna koti, miwani na glavu, kuna kabati la kuvuta mvuke ambamo kazi za namna hiyo hufanyiwa, na kila kemikali ina karatasi yake inayoeleza madhara na namna ya kujikinga. Mwanafunzi ana haki ya kuisoma kabla ya kugusa chupa. Akiwa mjamzito amwambie msimamizi wa maabara, aombe kupangiwa kazi nyingine. Wapo wakemia wanawake waliofanya kazi hii maisha yao yote na wana wajukuu. Amruhusu. Na binti akiingia maabara siku ya kwanza, kabla hajashika kitu, aulize maji ya kuoshea macho yako wapi, kizima moto kiko wapi, na mlango wa pili uko wapi. Msimamizi akishindwa kumjibu, asianze kazi mpaka ajibiwe.